Mwaka Niliosali Nimelala

Ndala ya mguu wa kushoto ilinivuka katikati ya soko, nami nikaendelea kutembea na tenga la kabichi kichwani. Muuza dagaa mmoja ndiye aliyeniita.

"Dada Mwana! Kiatu kimoja umekiacha huku, au ndiyo mtindo?"

Watu wakacheka, nikacheka nao. Nikarudi, nikaivaa, nikaenda zangu. Sikujiuliza kwa nini mguu haukunipa habari.

Naanza na ndala kwa sababu huenda wewe unayesoma una mgongo unaouma miezi na miezi, jasho linakulowesha shuka, unakonda, na umeanza kuvukwa na ndala bila kujua. Kama ni hivyo, liache tenga, nenda hospitali wiki hii hii. Mimi sikwenda. Nilipaka mafuta. Nilikandwa na jirani ambaye mikono yake imewasaidia wengi, nami nikalia machozi chini ya vidole vyake, nikaamini maumivu yale ni dawa inaingia. Vuli yote ikapita hivyo.

Naitwa Mwanahamisi. Nyumba yetu iko Bigwa, pale mji unapokwisha na mlima kuanza. Baba alitutoka mapema, mama akamfuata nikiwa darasa la sita. Nikaacha shule, nikachukua tenga lake. Nyuma yangu walikuwa Zaituni, aliyekuwa anaanza kusoma, na Hamadi, aliyekuwa anaanza kutembea. Shamba la mlimani lilikuwa la upande wa mama, kama ilivyo kwetu Waluguru, na mjomba alituachia tulilime. Kila alfajiri nilipanda, kila asubuhi nilishuka na ndizi, magimbi au kabichi. Zaituni akawa fundi cherehani. Hamadi sasa yuko chuo pale Mazimbu. Sikuwahi kulalamika, na kwa sababu hiyo nilijihesabu miongoni mwa watu walioridhika. Kumbe sikuwa nimeridhika. Nilikuwa sijakaa tu.

Mwishowe nilikwenda hospitali, nikapigwa picha ya mgongo. Siku ya majibu, benchi la nje ya chumba cha daktari lilikuwa limejaa. Watu walishika nafasi kwa kuweka daftari la kliniki juu ya benchi, kisha wakaenda kukaa kivulini. Mimi nilisimama, nikaenda hadi mlangoni, nikarudi, nikakaa, nikasimama tena. Mama mmoja aliyekuwa anafuma kitambaa cha meza alinitazama kwa muda.

"Mwenzangu," akasema, "mbona unakaa kama mtu anayeogopa benchi litamuuma?"

"Nina kazi nyumbani."

"Sisi wote tuna kazi. Mimi nimetoka Turiani, mume wangu yuko kwenye miwa, na mpunga umeiva. Kazi imetuona tukiondoka. Itatungoja."

Alikuwa anaitwa Mama Neema. Alikuwa anaumwa ugonjwa uleule nitakaoambiwa muda mfupi baadaye, naye alikuwa mwezi wa tano wa vidonge. Chini ya blauzi alikuwa amefungwa mkanda mgumu uliomnyoosha kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Daktari alining'inizia picha ya eksirei dirishani. Pingili mbili za mgongo zilikuwa zimelika.

"Ni kifua kikuu cha uti wa mgongo."

"Mimi sikohoi, daktari."

"Hiki hakikohoi. Kinatafuna kimyakimya."

Akanieleza. Vidonge kila asubuhi kabla ya kula, mwaka mzima, bila kuruka hata siku moja. Mkojo utakuwa mwekundu, nisishtuke. Mkanda wa plastiki kutoka makwapani hadi nyonga. Kulala kwenye kitanda kigumu. Kutonyanyua kitu. Kutoinama kabisa.

"Na sala?"

"Sali umekaa. Ukichoka, sali umelala. Usiiname."

Nikaitikia. Kichwa kiliitikia, moyo haukuitikia.

Hapa lazima niseme jambo ninaloona aibu kulisema. Nilikuwa na alama ya sijda kwenye paji la uso, doa jeusi la ukubwa wa kifungo cha koti. Watu waliliona, na mimi nilijua wanaliona. Darasa la sita lilikuwa halinipi heshima yoyote, lakini doa lile lilinipa. Mitandio yangu yote niliifunga juu kidogo, lisifunikwe.

Tena nilikuwa nimesikia katika darsa la akina mama, kwa mwalimu wetu Bi Rukia, kwamba anayesali amekaa anapata nusu ya malipo ya anayesali amesimama. Nusu! Mimi niliyezoea kubeba tenga limejaa.

Miezi miwili ya kwanza ya vidonge ilikuwa kichefuchefu na joto. Mkanda ulinichubua makwapa mpaka Zaituni alipoushonea kitambaa laini cha pamba kwa ndani, bila kuambiwa na mtu. Sikumshukuru. Nilimwambia mshono umeenda upande. Jirani mmoja akaanza kunitengea kikombe changu, ingawa daktari alisema ugonjwa wa mgongo hauambukizi kwa kikombe. Hamadi alitoa godoro la sponji kitandani, akaweka mbao na blanketi. Akakaa pembeni, akaniambia anafikiria kuahirisha mwaka wa masomo ili atuangalie.

"Ukiahirisha," nikamwambia, "nitainuka hapa niende na mkanda wangu nikakae darasani mahali pako."

Akacheka, akarudi chuo. Lakini nilibaki nimelala nikisikia ufagio wa Zaituni uani, na kila ulipopita pembeni ya jiwe bila kuliondoa, miguu yangu ilitaka kushuka. Nilimwongoza kutoka kitandani kama trafiki. Zaituni, maji yanachemka. Zaituni, mbona kuku wanapiga kelele. Zaituni, vitunguu havikatwi hivyo.

Siku moja cherehani ikanyamaza ghafla. Akaja mlangoni, sindano bado iko mdomoni, akaitoa.

"Dada, vitunguu umeviona saa ngapi? Uko chumbani!"

"Nimesikia kisu."

"Umesikia kisu. Basi inuka uvikate. Huwezi? Basi niache nivikate vibaya. Wewe mgongo unakuuma, sikatai, lakini kinachotuua humu ndani ni hiyo roho yako isiyolala."

Aliposema neno kutuua, alijuta, nikaona. Lakini hakuomba radhi, akarudi kwenye cherehani.

Ramadhani iliingia nikiwa mwezi wa tatu. Daktari alikataa nifunge, na Bi Rukia alituma salamu kwamba nitalipa nikipona, nile nisiogope. Asubuhi nilimeza vidonge, kisha nikanywa uji nimegeukia ukuta kama mwizi, mtaa mzima umefunga. Mwezi ule niliona kila mtu anapanda mlima na mimi nimebaki chini. Nikajiambia: funga nimenyimwa, sala sitanyimwa.

Basi Zaituni alipokuwa anapeleka nguo za wateja za sikukuu, nilikuwa nashuka kitandani taratibu, natia komeo, navua mkanda kwa sababu haukubali kuinama, natandika mswala. Nilirukuu. Nilisujudu. Maumivu yalikuwa kama kisu, na mimi nikayahesabu kuwa thawabu. Kabla hajarudi nilikuwa nimeshavaa mkanda, nimelala, nimetulia kama mtoto mwema. Siku ya kwanza. Siku ya pili. Miguu ikawa na ganzi zaidi, nikasema ni kulala sana.

Ilikuwa adhuhuri, kama wiki ya pili ya mfungo. Rakaa ya tatu, sijda ya pili. Nilitaka kuinuka. Hakuna kilichoinuka. Niliiambia miguu, nayo ilikuwa kama miguu ya mtu mwingine aliyelala nyuma yangu. Nikabaki paji la uso liko mswalani, nikisikia harufu ya vumbi na ya mafuta ya nywele zangu mwenyewe.

Baadaye nikasikia mlango unatikiswa.

"Dada? Mbona umefunga kwa ndani?"

"Nasali."

Akaondoka, akarudi.

"Bado unasali?"

"Bado."

"Dada, adhuhuri gani hii isiyokwisha?"

Nilitaka kusema uongo mwingine lakini pumzi haikutosha. "Zai," nikasema, "siwezi kuinuka."

Alivunja komeo kwa bega. Alilitegua bega lile, na alishona kwa mkono mmoja hadi Idi ikapita.

Hospitalini daktari alinigusa miguu kwa ncha ya ufunguo, kutoka vidoleni kwenda juu. Hapa unasikia? Hapa je? Nilianza kusikia juu ya kitovu. Wakaniwekea mpira wa mkojo. Akasema taratibu, na upole wake ulinitisha kuliko ukali: "Wiki sita. Unalala chali, hujipindui mwenyewe, unapinduliwa. Vidonge vinaendelea. Miguu ikianza kurudi, tunashukuru. Isiporudi, utapelekwa Dar kupasuliwa, na hapo siwezi kukuahidi kutembea."

Wiki mbili za kwanza zilipita wodini, zilizobaki nyumbani. Masika yalikuwa yameanza. Mvua iligonga bati, mlima ukafunikwa na ukungu, nikawa nahesabu siku kwa bati: siku ya mvua, siku ya matone, siku ya jua la uongo. Nilipinduliwa kila baada ya saa chache na mdogo wangu mwenye bega moja. Alinisafisha. Mimi niliyemsafisha utotoni nilifumba macho asione ninavyomtazama. Sala ilikuwa macho tu: kufumba kwa rukuu, kufumba zaidi kwa sijda. Niliisali kwa hasira, kama mtu anayekula chakula cha hospitali.

Bi Rukia alikuja siku ya mvua, mwavuli umevunjika ubavu mmoja. Ni mwanamke mfupi, mwenye magoti mabovu, anayefundisha huku amekaa kwenye kistuli na simu yake imefungwa kwa mpira wa madaftari.

"Shikamoo, Bi Rukia."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia ulipigana na Mola wako ukaanguka."

"Nilikuwa nasali."

"Ulikuwa unamsalia nani?"

"Mungu."

"Na mlango ulimfungia nani?"

Nje cherehani ilisita, ikaendelea polepole. Zaituni alikuwa anasikiliza.

"Wewe mwenyewe ulitufundisha," nikasema, "anayesali amekaa anapata nusu."

"Nilifundisha. Na Alhamisi iliyofuata nikafundisha kwamba hiyo ni ya mzima anayeamua kukaa kwenye sala za sunna. Mwenye udhuru halipwi nusu. Anaandikiwa kamili, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mzima. Alhamisi hiyo ulikuwa wapi?"

Nikakumbuka. "Nilipeleka ndizi sokoni."

"Ehe. Ukabeba nusu ya somo, ukajivunjia nayo mgongo." Alisema hivyo, kisha akanishika mkono, mkono wake una baridi ya mvua. "Mwana, Mungu alikuletea ruhusa mpaka kitandani. Ukairudisha kama nguo iliyoshonwa vibaya. Unadhani hiyo ni ibada?"

Nikalia. Nililia chali, machozi yakaingia masikioni, na hata kuyafuta ilibidi afute yeye.

Nilimwomba anipe uradi, nikitegemea atanipa maneno ya kusoma mara mia, mara elfu. Ningeyasoma yote. Mimi ni mtu wa kubeba. Akafikiri kidogo.

"Kila siku, jambo moja la Zaituni lipite bila wewe kulisahihisha. Moja tu. Huo ndio uradi wako."

"Hilo tu?"

Kutoka uani Zaituni akasema kwa sauti, "Bi Rukia, umempa zito mno, ataikimbia dini!"

Alijua anachosema. Siku ya kwanza nilishindwa kabla ya saa nne asubuhi. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi, nikasema. Siku ya pili nilishindwa kwa sababu ya pazia. Siku ya tatu nilimeza neno juu ya dirisha lililoachwa wazi mvua ikiingia, nikaona maji yanatiririka ukutani, na mwili wote ukawasha kama nimemwagiwa upupu. Dirisha tu! Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa kitu nilichokuwa nakiita uvumilivu. Nilivumilia kila kitu, mradi kila kitu kifanywe na mimi. Hata Mungu nilitaka nimfanyie mimi, kwa mkono wangu, kwa paji langu, bila Yeye kunipunguzia.

Siandiki kwamba nilibadilika. Nilikuwa naweza siku moja, nashindwa mbili. Wiki ya nne ikaisha, nikapelekwa kliniki nimelazwa juu ya ubao, daktari akapitisha ufunguo wake, nikasikia palepale juu ya kitovu. Alikunja midomo. Akaniandikia barua ya Dar, akasema ikae tayari. Hamadi aliisoma mara tatu kimya, akaikunja, akaiweka ndani ya msahafu wa mama, juu ya kabati. Kila nilipofungua macho niliiona.

Nilikuwa na hofu, nisikudanganye. Nilikuwa natazama vidole vyangu kwa saa nzima nikiviamuru. Jasho lilinitoka kwa kuamuru. Wiki ya tano siku ya Ijumaa, Zaituni aliunguza wali. Harufu ilijaa nyumba. Aliniletea sahani bila kunitazama, ameshajiandaa kwa vita. Nikala. Ulikuwa na ukoko mweusi na moshi mpaka ndani. Nikala wote, na nilipomaliza nikasema, "Ahsante, mdogo wangu."

Akasimama na sahani mkononi. "Unaumwa zaidi?"

"Hapana."

"Maana kama unaumwa zaidi useme, nimpigie Hamadi."

Alirudi kwenye cherehani. Mvua ilikuwa imekatika, jua likaingia dirishani hadi kitandani. Nilikuwa sitazami vidole. Nilikuwa nimeshiba wali ulioungua na sikuwa nafikiri chochote. Ndipo nikasikia kitu kinatembea. Kidogo sana, chepesi, kinasimama, kinaendelea. Nikashusha macho. Nzi alikuwa juu ya mguu wangu wa kushoto.

"Zai!"

"Nini tena? Chumvi?"

"Nzi."

"Nije nimfukuze?"

"Mwache. Ananikanyaga. Namsikia."

Cherehani ikanyamaza. Alikuja akapiga magoti mwishoni mwa kitanda, mkono mmoja mdomoni, tukamtazama nzi yule wote wawili, hatupumui, mpaka aliporuka mwenyewe.

Sitaki udhani ilikuwa muujiza wa wali. Vidonge vilikuwa vinafanya kazi wakati wote, na kulala chali kulikuwa kunafanya kazi. Daktari alifurahi na kusema hivyohivyo. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nimetulia kiasi cha kumsikia nzi. Barua ya Dar haikutumika.

Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya polepole. Kidole gumba, kifundo, goti. Kwenye baridi ya mwezi wa sita nilikaa ukingoni mwa kitanda, dunia ikazunguka, nikatapika. Idi ya kuchinja nilisalia nyumbani kwenye kistuli nilichotumiwa na Bi Rukia, nikisikia takbira kutoka uwanjani, na nilitamani uwanja ule. Sikutoka. Baadaye nikatembea kwa magongo mawili, kisha moja. Shamba lilikaa msimu mzima bila sisi, mjomba akapanda ndizi zake humo, nami nikasema zikue. Uradi wangu ninao bado. Jana nimeshindwa, kwa habari ya mboga.

Vuli nyingine ilipokwisha, nilimeza kidonge cha mwisho. Benchi la kliniki lilikuwa lilelile. Mama Neema alikuwepo, amekuja kuonwa kwa mara ya mwisho, hana mkanda, amenenepa.

"Ah, mwenzangu!" akasema. "Siku hizi unajua kukaa."

"Nimelazimishwa."

"Sote tumelazimishwa. Shika." Akanipa kitambaa cha meza alichokuwa akikifuma mwaka mzima, na upande mmoja ulikuwa umekwenda kombo. Sikusema kitu. Nakitumia.

Daktari aliniambia ukweli wote. Mifupa imeshikana, imeshikana imepinda. Nitatembea. Nitapika, nitafagia kwa ufagio mrefu. Kichwani sitabeba tena. Na kuinama hadi chini, hapana, si mwaka huu wala miaka ijayo.

"Umenielewa safari hii?" akauliza.

"Nimekuelewa."

Nilifika nyumbani alasiri. Nilipokuwa natia udhu kwa kopo, nimekaa, Zaituni aliniletea taulo, akanitazama usoni kwa karibu.

"Dada, ile alama yako. Imefutika."

Nikagusa paji la uso. Ngozi ilikuwa laini, kama ya mtu yeyote. Nilingoja uchungu uje. Ulikuja, mdogo, ukakaa, nikauacha ukae.

Tukatandika mswala wake pembeni ya kistuli changu. Mimi nilikaa, yeye akasimama. Alipokwenda kwenye sijda, mimi nikiinamisha kichwa tu kwa ishara, paji lake lilitua karibu kabisa na mguu wangu wa kushoto. Nilisikia pumzi yake vidoleni, ya moto, inakuja na kwenda. Nikausogeza mguu kidogo, kumpisha.